Mlango wa Chumba cha Kulia

Placida alimlea Anastasia tangu mtoto alipokuwa darasa la sita. Mama mzazi alifariki huko Kibosho, na Placida, mdogo wa marehemu, alikuwa tayari London akifanya usafi kwenye maofisi. Wakati ule alikuwa na mchumba, fundi umeme wa Kikongo, mtu mpole, aliyemwambia waziwazi kwamba mke anamtaka, ila mtoto wa marehemu hapana. Placida alimpa chai, akamrudishia pete yake, akaenda kuhangaikia viza ya mtoto. Habari hiyo Anastasia aliisikia kwa watu wa kanisani akiwa mtu mzima. Placida mwenyewe hakuwahi kuitaja.

Waliishi Peckham, kwenye fleti ambayo dirisha lake la sebuleni lilitazama ukuta wa jengo la jirani. Jioni, Placida alipokosa wa kumwachia mtoto, alikwenda naye kazini. Anastasia alikaa kwenye viti vya kuzunguka vya watu asiowajua, akifanya hesabu za shule huku mama yake mdogo akivuta mashine ya kufyonza vumbi chini ya meza. Ofisi mojawapo ilikuwa ya wasanifu majengo. Juu ya kabati kulikuwa na nyumba ndogo iliyotengenezwa kwa karatasi ngumu, yenye paa linalofunuka na miti ya sponji mbele yake.

"Usiguse, Ana," Placida alimwonya.

"Sigusi, mama. Natafuta pa kuingilia tu."

Placida alilisimulia jibu hilo miaka yote, kwenye harusi na kwenye misiba, maana mtoto yule alikua akawa msanifu majengo kweli. Akapata kazi kwenye kampuni inayokarabati majengo ya kale, akapanga chumba Kilburn, akawa anarudi Peckham Jumapili kwa Jumapili, halafu Jumapili moja moja, halafu sikukuu.

Watu wa ofisini kwake walikuwa wema, na hilo ni lazima lisemwe. Siku moja wakila chakula cha mchana, mmoja alisema baba yake ni jaji mstaafu, mwingine akasema mama yake anafundisha muziki. Wakamgeukia yeye.

"Mama yangu anafanya kazi kwenye jumba la makumbusho," Anastasia alisema.

Haikuwa uongo. Placida alikuwa ameacha maofisi, akawa anafanya usafi kwenye Jumba la Hexley, nyumba kubwa ya kale ng'ambo ya Southall ambayo familia ya mabwana wake ilikwisha zamani na sasa iliendeshwa na bodi ya wadhamini, watu wakilipa kiingilio kuitazama. Lakini waliomsikia walidhani mama huyo ni mtaalamu wa picha na vyombo vya kale. Anastasia aliwaona wakidhani hivyo, akaendelea kula.

Kisha paa la Hexley likaanza kuvuja, na kazi ya kulikarabati ikaangukia kampuni yake.

Mkurugenzi wake alipomwambia kwamba yeye ndiye atakayeiongoza, furaha na hofu zilimpanda pamoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa nafasi ya kusema, "Mama yangu yuko pale." Sentensi fupi. Hakuisema siku hiyo, na kesho yake ilikuwa ngumu zaidi, na wiki iliyofuata ikawa haisemeki tena. Placida alipompigia simu kwa shangwe, kwamba wamesikia kazini kuwa kampuni ya akina Ana inakuja, alimjibu, "Eh, ni mambo ya awali tu, mama." Alipoulizwa watakuja lini, alisema bado hawajapanga. Walikuwa wamepanga. Alikuwa amechagua Jumatatu mwenyewe, kwa kuwa Jumatatu Placida hupumzika.

Lakini mwenyekiti wa bodi alipata udhuru, ziara ikasogezwa hadi Alhamisi.

Alhamisi hiyo kulikuwa na jua la baridi. Njia ilipinda kati ya miti, kisha nyumba ikajitokeza yote kwa mpigo: matofali mekundu yaliyopauka kama udongo wa mfinyanzi, madirisha marefu yaliyogawanywa kwa nguzo za mawe, na dohani zilizosokotwa kama kamba, kila moja kwa mtindo wake. Ramani yake ilikuwa ya umbo la herufi E, bawa moja kushoto, bawa moja kulia, na baraza ya kuingilia katikati, na pande zote mbili zilifanana hata ungeikunja kama karatasi zingelaliana. Anastasia aliipenda hapohapo, kwa moyo wote, akasahau alichokuwa anakiogopa.

Waliingia na mkurugenzi wake, mwenyekiti wa bodi, na wadhamini wengine wawili. Alijua kazi yake. Kwenye ukumbi mkuu aliwaonyesha boriti za mwaloni zilizobeba paa, na alama walizochonga maseremala wa kale ili wajue ubao upi unaingia wapi. Kwenye ngazi kuu aliwaeleza kwamba upana wake haukuwa wa lazima kwa miguu. Ulikuwa wa lazima kwa fahari, ili bibi wa nyumba ashuke na gauni lake lote likionekana. Mwenyekiti alicheka. Mkurugenzi alimtazama kwa namna ambayo Anastasia aliielewa: umefaulu.

Wakafika chumba cha kulia. Kuta zake zilifunikwa mbao za mwaloni kutoka sakafuni hadi karibu na dari, zenye nakshi za mikunjo kama kitambaa.

"Hapa pana mlango," Anastasia alisema, "nani atauona?"

Waliangaza huku na huku. Hakuna aliyeuona.

"Nyuma ya ukuta huu kuna ngazi nyembamba inayotoka jikoni hadi darini. Watumishi walipita humo na maji, makaa na chakula. Mabwana walitaka chakula kifike bila kumwona anayekileta, kwa hiyo mlango ulikatwa ndani ya mbao hizihizi, na nakshi zikapitishwa juu yake. Ukifungwa, ni ukuta."

Akanyoosha mkono aguse mahali penyewe. Kabla hajagusa, ukuta ukafunguka.

Placida alisimama pale, ndoo mkononi, ndani ya yunifomu ya buluu. Shingoni alikuwa amefunga kitambaa cha kitenge cha kijani ambacho Anastasia alikuwa hajakiona, kipya. Uso wake wote ulikuwa unacheka.

"Mwanangu! Nilijua tu mtapita hapa!"

Akatua ndoo, akafungua mikono.

Mwenyekiti akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Mnafahamiana?"

Shikamoo ilikuwa tayari kwenye ulimi wa Anastasia. Ilikuwa imefika menoni. Akaimeza.

"Hapana," alisema kwa Kiingereza. "Nadhani amenifananisha na mtu." Na kana kwamba hiyo haikutosha, akaongeza, akitabasamu kwa wenzake: "Hutokea sana."

Mdhamini mmoja alitazama viatu vyake. Placida hakusogea. Kicheko kilibaki usoni mwake kwa muda, kama taa ambayo watu wametoka wakasahau kuizima. Halafu mikono ikashuka.

"Samahani, madam," alisema kwa Kiingereza. "Nimekosea."

Akainama akachukua ndoo, akarudi kinyumenyume, akavuta mlango. Mbao zikakutana.

"Basi endelea," mkurugenzi alisema kwa upole. "Ulikuwa unatueleza habari za mlango."

Na Anastasia akaendelea. Alieleza habari za mlango mpaka mwisho.

Usiku huo hakupiga simu. Kesho yake Placida ndiye aliyepiga, kama alivyozoea kupiga kila Ijumaa. Aliuliza kama Ana anakula vizuri. Alisema mama Elinaja wa kanisani amejifungua salama, kwamba mvua ya Peckham haina adabu. Anastasia alingoja lile neno lifike, atukanwe, alie, aombe radhi. Halikufika. "Haya, lala salama," Placida alisema, akakata. Hakusema mwanangu. Anastasia alikaa kitandani na simu imezima mkononi, uso ukimuwaka kana kwamba amepigwa kofi mbele za watu, na hapakuwa na mtu.

Kazi ya vipimo ilianza wiki mbili baadaye. Kila asubuhi Anastasia aliingia Hexley akiwa ameandaa maneno, na kila asubuhi hakumkuta Placida popote. Hakuwa ukumbini wala kwenye ngazi kuu. Chumba cha kulia kilisafishwa na mtu mwingine. Alianza kuona nafuu, kisha akajionea haya kwa nafuu hiyo.

Siku aliyopima ngazi za nyuma alikuwa peke yake, taa ya kichwani, utepe wa kupimia mkononi. Zilikuwa ngazi mbaya. Vipandio vilikuwa virefu, vyembamba, vimelika katikati, na ukuta ulikaribiana mpaka bega la mtu mzima liligusa huku na huku. Aliposimama kupumua, mwanamke mmoja alikuwa anapanda kutoka chini na bunda la vitambaa. Alikuwa Mpunjabi wa makamo, nywele za mvi zimefungwa vizuri, yunifomu ya buluu ileile.

"Wewe ni Ana," mwanamke alisema kwa Kiswahili.

Anastasia alishtuka. "Unajua Kiswahili?"

"Mimi ni Parminder. Nilizaliwa Kisumu, tukakuja Southall nikiwa msichana. Kiswahili yangu ni ya jikoni, lakini masikio iko sawa." Akaweka vitambaa kwenye kipandio. "Siku ile nilikuwa nyuma ya mama yako, hapahapa. Nilisikia yote."

Anastasia alianza kuukunja utepe wake.

"Akaniambia ati amekosea mtu. Ati huyo msichana anafanana tu na Ana wake. Nikamwambia sawa. Ningesema nini? Huo uso wako naonyeshwa kwa simu kila siku. Hata gauni ulivaa siku ya digrii naijua rangi."

"Yuko wapi? Mbona simwoni?"

"Aliomba meneja asipewe vyumba vya mbele mpaka nyinyi mmalize. Alisema vumbi ya pale inamsumbua kifua. Sasa anafanya huko juu, vyumba walikuwa wanalala watumishi wa zamani. Anapanda hizi ngazi asubuhi, anashuka saa ya chai, anapanda tena." Parminder alimtazama bila hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira. "Na goti lake vile liko."

"Goti gani?"

"Pole," alisema. "Nilidhani unajua." Akachukua vitambaa vyake, akapita kwa kubana ukuta, akaendelea kupanda.

Anastasia alikaa chini kwenye vumbi. Alikuwa amekwisha kuziandika ngazi zile kwenye michoro yake kuwa ni hatari kwa yeyote. Alijaribu kupanda hadi juu amtafute, akafika kwenye kona ya mwisho, akasikia ufagio ukifanya kazi nyuma ya mlango, polepole, ukisimama, ukianza tena. Hakubisha hodi. Alirudi chini kwa kunyata, kama mwizi.

Alilofanya baada ya hapo alilifikiria siku nyingi, na alidhani ni tendo la ujasiri. Kwenye mkutano wa bodi, baada ya kuwasilisha taarifa ya paa, mabamba ya risasi ya kuezekea yaliyochakaa, boriti zilizoliwa na wadudu, alikunja mikono mezani akasema kuna jambo moja zaidi. Akasema yule mwanamke wa usafi aliyetoka ukutani siku ile hakukosea. Ni mama yake. Dada wa mama yake mzazi, aliyemlea. Alimkana kwa sababu aliona haya, na sasa anaona haya kwa kumkana.

Alikuwa tayari kwa lolote.

"Placida?" mwenyekiti alisema. "Lo, vizuri sana! Ni mtu wa thamani kwetu." Wengine wakatikisa vichwa na kutabasamu. "Sasa, kuhusu hiyo risasi. Ni lazima ibadilishwe yote?"

Basi. Hapo ndipo lilipoishia. Wakitoka, mkurugenzi wake alimshika begani. "Ungetuambia tu, Ana. Nani angejali?" Aliyasema kwa wema kabisa, na Anastasia alitembea hadi kituo cha basi akiyarudia moyoni. Nani angejali. Hapakuwa na aliyemlazimisha. Hakuwa hata na mtu wa kumlaumu. Alikuwa amemkana mama yake bure.

Jumapili alikwenda Peckham. Alimkuta Placida jikoni, beseni la ndizi mbichi miguuni, mguu mmoja umenyooshwa juu ya kigoda. Goti lilikuwa limevimba ndani ya soksi nzito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa. Kwenye sinki kulikuwa na shada la maua ya dukani, limeegemezwa hovyo, bado kwenye nailoni yake.

"Hayo ameniletea meneja," Placida alisema, akimenya. "Mbele ya watu wote, saa ya chai. Ati hongera, hatukujua binti yako ni mkubwa hivyo. Wakapiga makofi."

"Mama, nilitaka kurekebisha."

"Kurekebisha nini? Ukuta?" Kisu kikasimama. "Nimewaambia wenzangu nilikufananisha. Nimesimama pale nikasema macho yangu yamezeeka. Nilikufichia, Ana, ili usionekane mtoto wa namna ile. Sasa wewe umekwenda kwa wakubwa zako umesema kweli yako, umeshusha pumzi. Mimi nimebaki nini? Mwongo mwenye maua."

"Sikufikiria hivyo."

"Siku ya kunikana hukuniuliza. Na siku ya kunikiri hukuniuliza."

Anastasia aliinamisha kichwa. Chini yao, kwaya ya kanisa lililopanga ndani ya jengo hilo ilikuwa inajaribu kinanda, noti moja, noti moja.

"Nieleze," Placida alisema. "Ulionea haya nini? Ndoo?"

Alitaka kusema hapana, lakini alikuwa amechoka kusema maneno nusu. "Ndoo. Na yunifomu. Na kwamba walidhani mimi natoka kwa watu wa namna nyingine, na niliwaacha wadhani." Akafuta uso kwa kiganja. "Lakini mama, ulipotoka pale nilifurahi. Nakuapia. Kabla ya kuogopa, nilifurahi kwanza."

"Najua."

"Unajua?"

"Niliiona usoni mwako. Ilikuja, halafu nikakuona unaichukua na kuiweka kando, hivi." Placida aliweka ganda la ndizi pembeni ya beseni, taratibu. "Hilo neno lako la hutokea sana sikulijali. Watu husema ovyo wakiogopa. Hilo la kuiweka kando ndilo linaloniamsha usiku."

Anastasia alipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, kama wanavyofanya kwao wanaoomba radhi kwa wakubwa. Placida alimtazama. Hakumshika kichwa, hakumwambia ainuke.

"Mtakatifu Petro alilia," alisema mwishowe, "na jogoo hakuirudisha sauti yake kooni. Inuka. Chukua kisu kingine, hizi ndizi ni nyingi."

Walimenya. Walipika na nyama, wakala, wakaongea habari za Kibosho, nani amejenga, nani anaumwa. Alipoondoka, Placida alimfungashia chakula kwenye kopo la plastiki, kama zamani, lakini alilikabidhi mlangoni bila kumsindikiza hadi kituoni. Alisema ni goti. Labda lilikuwa goti.

Mambo hayakurudi yalivyokuwa. Anastasia alianza kwenda Peckham kila Jumapili, na baadhi ya Jumapili alihisi ni mgeni anayekaribishwa vizuri. Kazini aliomba apangiwe jengo lingine Hexley ilipokwisha kuezuliwa; aliwaambia ni umbali. Placida naye aliacha kazi kule kabla paa halijakamilika, akapata shule ya msingi karibu na nyumbani, isiyo na ghorofa. Parminder humtembelea hadi leo, humletea chapati. Akimkuta Anastasia humsalimia, na humwita jina lake lote, si Ana.

Mwaka uliofuata Placida aliitwa hospitali kufanyiwa upasuaji wa goti. Anastasia alikwenda naye, akabeba mkoba, akasimama kando ya kitanda huku muuguzi kijana akiuliza maswali ya kawaida, dawa gani, mzio gani. Kisha akauliza nani ni jamaa wa karibu wa mgonjwa.

"Mimi," Anastasia alisema. "Ni mama yangu."

Neno lilitoka jepesi kabisa, kama kutaja saa. Muuguzi hakuinua hata macho. Na Anastasia, aliyedhani siku akipata tena nafasi ya kulisema atatua mzigo, alihisi uso ukimuwaka upya, palepale kando ya kitanda, kwa sababu halikuwa zito, wala halikuwahi kuwa zito.

Placida alikuwa amelala chali akitazama dari.

"Miguu yangu ina baridi," alisema.

Anastasia alikwenda upande wa chini wa kitanda, akakunjua blanketi la pili, akamfunika, akabaki ameishika miguu ile juu ya blanketi mpaka walipokuja kumchukua.